Vijiko viwili kwa maji ya vitatu: kumlisha mtoto mchanga kwa maziwa ya kopo

Swali: "Nilijifungua kwa upasuaji siku 9 zilizopita, mtoto akiwa na kilo 3.2. Maziwa yangu yalichelewa kutoka, na tangu siku ya tatu tunampa ya kopo kwa chupa. Titi ananyonya mara mbili tatu tu kwa siku. Kopo ni ghali, kwa hiyo nakoroga vijiko 2 kwa maji ya mililita 90, lakini analia kama hajashiba. Chemisti wana kopo la bei nafuu lililoandikwa namba 2. Mama mkwe anasema nimpe ya ng'ombe niliyoyapunguza kwa maji. Kliniki nilipouliza kopo lipi ni bora, muuguzi alikataa kunitajia. Maji yetu ni ya kisima cha plot. Nianzie wapi?" – Mama wa kwanza, Lanet, Nakuru

Anzia kwenye vijiko, mama, na uanze na chupa inayofuata. Makopo mengi yanayouzwa hapa nchini hupimwa kijiko 1 kwa maji mililita 30. Soma lako, na kama linasema hivyo, mililita 90 zinataka vijiko 3, nazo 60 zinataka 2. Unavyokoroga sasa, theluthi nzima ya chakula haimo. Mtoto analia kwa sababu tumbo limejaa maji na mwili bado una njaa. La kuogopesha zaidi ni kwamba figo za mtoto wa siku 9 haziwezi kutoa maji ya ziada upesi. Chumvi ya damuni hushuka, mtoto huanza kulala usingizi mzito usio wake, na mwisho wake unaweza kuwa degedege. Kama amelegea, haamki kunyonya au ametetemeka mwili mzima, funga ukurasa huu umkimbize hospitali sasa hivi. Kama yuko macho na ananyonya kwa nguvu, rekebisha kipimo leo na umpeleke kupimwa uzito kesho asubuhi.

Kukosea upande wa pili nako si salama. Kijiko cha kichuguu, au kimoja cha ziada "ili alale", humpa chumvi na protini nyingi kuliko maji ya kuzitoa, naye hukauka mwili na kufunga choo. Kijiko kijazwe bila kushindiliwa, kisha usawazishe kwa mgongo wa kisu safi au ule ukingo uliomo ndani ya kopo. Kila kopo lina kijiko chake. Usichukue cha kopo la zamani ukakitia kwenye la kampuni nyingine, kwa maana gramu hazilingani hata kama kwa macho ni pacha.

Maji hutangulia, unga hufuata. Ukianza na unga kisha ukajaza maji hadi mstari wa 90, maji yatakuwa pungufu kwa sababu unga umeshachukua nafasi yake. Ukifuata utaratibu sahihi, maziwa yatapanda hadi karibu mstari wa 100. Hapo hujakosea, yaache yalivyo. Na mistari yenyewe ikague, hasa kama chupa ni ya bei ya chini: nunua bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yake, pima maji mara tatu, mimina kwenye chupa uliyoiweka mezani, uinamie mpaka jicho liwe sawa na mstari. Maji yasipogonga 60, ipigie chupa hiyo mstari wako kwa kalamu isiyofutika.

Kiasi je? Kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza, mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huhitaji takriban mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa kilo 3.2 hiyo ni 480, na ukigawa kwa milo 8 unapata 60 kila baada ya saa tatu hivi. Kuna mlo atamaliza 45, kuna mlo atataka 75. Hesabu ni ya siku nzima, na mtoto asilazimishwe kumaliza chupa. Uzito ukipanda, kiasi nacho kinapanda. Anachopata kwenye titi kinapunguza hesabu hii, ndiyo maana mizani ya kliniki itakuambia ukweli zaidi kuliko chupa.

Sasa kopo. Namba 2 liache dukani. Namba 1 ndilo la kuanzia kuzaliwa, nalo linaweza kumtosha mtoto mpaka afikishe mwaka. Namba 2 ni la baada ya miezi 6, na mchanganyiko wake haukupangwa kwa mtoto mchanga. Ndani ya namba 1, tofauti ya bei inanunua kidogo mno kuliko unavyodhania. Viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vimeweka mipaka ya nishati, protini, chuma na vitamini, kwa hiyo kopo la bei ya chini linalotimiza viwango linamlisha mtoto aliyezaliwa na afya sawasawa na lile la juu ya rafu. Angalia maneno matatu tu: ni la watoto tangu kuzaliwa, limetengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe, tarehe haijapita. Kisha angalia kopo lenyewe lisiwe limebonyea kwenye mshono, muhuri wa ndani usiwe umeguswa, na liwe na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Unga uliopimwa kwenye karatasi za nailoni "kidogo kidogo" usinunue kamwe, maana hakuna ajuaye ni unga gani na umekaa wapi.

Makopo ya kuzuia kutapika huwa na wanga au gamu ya kuyafanya mazito, na yasiyo na laktosi, ile sukari ya maziwa, ni ya wachache sana. Maziwa ya mama yenyewe yana laktosi nyingi, karibu gramu 7 kwa kila mililita 100, na mtoto anayeshindwa nayo tangu kuzaliwa ni nadra. Makopo ya aina hiyo hununuliwa kwa agizo la daktari. Akitoa kinyesi chenye damu, au akitapika sana huku ngozi imejaa ukurutu, huenda protini ya ng'ombe inamkataa. Ni daktari atakayesema, na kukimbilia maziwa ya mbuzi hakusaidii. Choo cha kijani kibichi kilichokoza peke yake hakina neno, kwa kawaida ni chuma kilichomo kwenye unga.

Mama mkwe wako anasema alichokiona kikifanyika, na pengine kwao maziwa hayakuwahi kukosa. Mjibu kwa heshima, lakini msimamo uwe huo: ya ng'ombe, yatoke kwa jirani au kwenye ATM ya maziwa, hayafai kuwa kinywaji cha mtoto kabla ya mwaka mmoja. Protini na chumvi ni nyingi mno kwa figo zake, chuma ni kidogo, na utumbo mchanga unaweza kuvuja damu polepole bila mtu kuiona mpaka mtoto apungukiwe damu. Ukiyapunguza kwa maji unapunguza chumvi na mafuta pamoja, mtoto anakosa nguvu. Maziwa ya unga ya familia, maziwa ya kopo yenye sukari, uji mwepesi, glukosi na asali vyote vikae mbali.

Tuingie kwenye maji, maana hapa ndipo wengi hawatazami, na kwa mtu wa Nakuru hapa pana mambo mawili tofauti.

La kwanza ni vijidudu. Unga wa kopo si tasa, hata ukitoka kiwandani umefungwa vizuri. Unaweza kuwa na bakteria wa Cronobacter au Salmonella, ambao kwa mtoto wa chini ya miezi miwili husababisha maambukizi ya damu na ya utando wa ubongo. Kinachowaua ni maji yenye joto lisilopungua nyuzi 70. Wengi huchemsha maji, huyaacha yapoe kabisa, ndipo hutia unga. Hapo maji ni salama, lakini unga umebaki na vilivyomo. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemkia kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Joto hilo bado linatosha, ila linamaanisha huna muda mrefu wa kusubiri. Chemsha lita 1 hata kama unahitaji mililita 60, kwa kuwa maji kidogo hupoa haraka. Zima, funika, na ukoroge kabla ya dakika 30 kuisha. Mimina maji kwenye chupa, tia unga, funga, kisha uizungushe taratibu. Usiitikise ikiwa na moto hivyo, shinikizo la ndani litakurushia maziwa usoni. Ipoze kwenye bakuli la maji baridi ambayo hayafiki kwenye kifuniko, uifute, na udondoshe matone mawili upande wa ndani wa kifundo cha mkono pale penye mshipa. Yawe vuguvugu.

Utakuta makopo yenye probayotiki yanaelekeza maji ya vuguvugu tu, kwa sababu moto huwaua wale bakteria wazuri walioongezwa. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, aliyezaliwa njiti au mwenye kinga dhaifu, chagua nyuzi 70 na uwasamehe hao bakteria wazuri. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitoa mwongozo huo mwaka 2007, na kwa watoto wachanga sijaona sababu ya kuuacha.

La pili ni floraidi, madini yaliyoyeyuka ndani ya maji. Visima vingi vya Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, vina floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoruhusiwa, nayo ndiyo hayo meno ya kahawia unayoyaona kwa watu waliokulia hapa. Kuchemsha hakuiondoi, tena maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Mtoto anayenyonya titi analindwa, maana mwili wa mama hupitisha floraidi kidogo sana kwenye maziwa. Mtoto wa kopo hunywa maji ya kisima mlo kwa mlo, siku nzima, katika miezi ileile ambayo meno yake ya ukubwani ya mbele yanaanza kujengeka ndani ya ufizi. Kichujio cha kawaida cha mshumaa hakisaidii. Kinachosaidia ni kichujio cha mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo mradi wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru umeifanyia kazi kwa miaka mingi, au kile cha osmosi kinyume (reverse osmosis) kinachotumiwa na baadhi ya vituo vya kuuza maji. Muulize mwenye kituo anatumia kipi na akuonyeshe karatasi ya vipimo. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati safi, baada ya mvua ya kwanza kusafisha paa, hayana floraidi ya kuhofia. Ukinunua ya chupa, soma karatasi yake: chagua yenye floraidi ndogo, sodiamu chini ya miligramu 200 na salfeti chini ya miligramu 250 kwa lita. Yote haya, mvua, kichujio au chupa, bado yachemshwe. Mfereji wa mjini nao usiuamini kwa jina tu, kwa kuwa sehemu ya maji yake hutoka visimani vilevile. Maji yanayoingia kwenye maziwa yenyewe hayafiki lita 1 kwa siku. Mitungi ya plot iendelee kuoshea nguo.

Usiku ndipo watu huvunja kanuni, na si ajabu, saa nane mtu amechoka na jiko liko mbali. Tafuta themosi nzuri ya lita 1 isiyowahi kutiwa chai ya maziwa. Isuuze kwa maji ya moto, ijaze maji yaliyotoka kuchemka, ifunge. Themosi nzima hushikilia zaidi ya nyuzi 70 kwa saa kadhaa. Panga pembeni chupa zilizochemshwa na vikopo vikavu vyenye unga uliokwisha kupimwa, kila kimoja mlo mmoja. Chupa iliyokorogwa tayari na kuachwa mezani inahesabiwa saa 2 tu, na ikishaguswa na mdomo wa mtoto, kinachobaki baada ya mlo humwagwa hata kama ni nusu. Kwenye friji baridi inakaa hadi saa 24, iwekwe ndani nyuma na si mlangoni, lakini stima ikipotea usiku hesabu hiyo haipo tena.

Chupa, kikombe na chuchu vioshwe kwanza kwa sabuni na brashi, chuchu igeuzwe ndani nje, kisha vichemshwe vimezama kabisa kwa dakika 10. Kiini cha uchafu hujificha kwenye ule mduara wa kifuniko.

Kuhusu kumnywesha, nakushauri ufikirie kikombe. Kikombe kidogo kisicho na kona huoshwa kwa urahisi kuliko chupa, na mtoto unayetaka arudi kwenye titi hazoei mteremko wa haraka wa chuchu ya mpira. Mkalishe wima mapajani, mfunge mikono kwa leso, weka ukingo wa kikombe juu ya mdomo wa chini, uinamishe mpaka maziwa yaguse tu midomo yake. Usimimine. Ataanza kuyalamba kwa ulimi, au kuyafyonza, na atajisimamisha mwenyewe akitosheka. Siku mbili za kwanza yatamwagika, jumlisha hilo kwenye hesabu yako. Ukibaki na chupa, mwinue kichwa, shika chupa karibu ya kulala ili chuchu ijae nusu, na umpe pumziko kila baada ya mafundo machache. Mililita 60 zikiisha ndani ya dakika 5, tundu ni kubwa mno: pindua chupa, yanapaswa kudondoka tone baada ya tone, yasiwe mkondo. Tafadhali msitanue tundu kwa sindano ya moto. Wala chupa isiegemezwe kwenye mto mtoto akaachwa peke yake.

Kisha gharama, kwa maana ndiyo iliyokufikisha kwenye vijiko viwili. Kopo la gramu 400 hutoa chini kidogo ya lita 3. Leo mtoto wako angelimaliza kwa siku 6. Akifika kilo 5, siku 4. Miezi 6 ya kopo tupu ni karibu kilo 20 za unga, yaani makopo 50 ya gramu 400. Zidisha kwa bei ya chemisti wako, ongeza gesi na maji, kaeni chini na baba wa mtoto mtazame jibu. Kama haliwezekani, kurefusha kopo kwa maji si njia, na kwako bado ipo njia nyingine.

Siku 9 ni mapema. Baada ya upasuaji maziwa huchelewa kwa wengi, na titi huongeza kadiri linavyotolewa. Mweke titini kwanza, kabla ya kopo, mara 8 hadi 12 kwa siku na usiku ukiwemo. Mshike kwapani kama mtu aliyebana mkoba, miguu yake nyuma yako, ili asikanyage mshono. Mdomo ufunguke wazi, kidevu kiguse titi, na weusi wa chuchu uonekane zaidi juu kuliko chini. Ukisikia uchungu wa kukatwa, mtoe kwa kidole uanze upya. Akimaliza, kamua pande zote mbili dakika 10 hadi 15 na umpe hicho kwa kikombe, kisha kopo lijazie. Maziwa yakiongezeka na mizani ikikubali, punguza kopo kwa mililita 50 kwa siku nzima, kaa hapo siku kadhaa, pima, ndipo upunguze tena. Usilikate ghafla. Wengine hurudi titini kabisa, wengine hubaki nusu kwa nusu, na hata nusu ni akiba ya makopo 25. Kama unatumia dawa za ARV, mpango wa kuchanganya titi na kopo uzungumze na kliniki yako kabla ya kuendelea. Mwongozo wa nchi unawahimiza akina mama walio kwenye dawa wanyonyeshe titi tupu miezi 6. Nalitaja kwa sababu huku kwetu, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, mtu akiona chupa huanza kukisia hali ya mama. Huna deni la kumweleza jirani chochote.

Muuguzi aliyekataa kutaja kopo alikuwa anafuata sheria. Tangu 2012 Kenya ina sheria inayozuia wahudumu wa afya kutangaza maziwa ya kopo, na ilitokana na kampuni kuwatumia wao kuuza. Lakini kuonyeshwa namna ya kukoroga salama, kwa mama anayelazimika kutumia kopo, ni kazi ya mhudumu wa afya kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za 1981. Kwa hiyo badilisha swali. Usiulize lipi bora, sema, "mtoto wangu anatumia kopo, nionyeshe ninavyokosea." Omba kumwona mtaalamu wa lishe wa kliniki ya mama na mtoto. Ziara ya wiki ya kwanza hadi ya pili baada ya kujifungua imo kwenye ratiba ya kitaifa, kwa hiyo zamu yako ni sasa, usingoje chanjo ya wiki 6. Kituo cha karibu kikishindwa kukusaidia kunyonyesha, omba rufaa kwenye jengo la mama na mtoto la Margaret Kenyatta katika hospitali ya rufaa ya kaunti, ile wazee bado wanaiita PGH. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako naye ana wajibu wa kukutembelea nyumbani, na mshono ukiwa bado mbichi huyo ni nafuu kubwa.

Nyumbani, wakoroga maziwa wawe wawili tu, wewe na mwingine mmoja, na vipimo vibandikwe ukutani juu ya jiko. Mama mkwe mpe kazi ya kumbembeleza mtoto na kumsaidia abeue. Ukijikuta unalia siku nyingi mfululizo, hulali hata mtoto akilala, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, mwambie muuguzi waziwazi. Msalaba Mwekundu Kenya wana laini ya bure ya ushauri, 1199.

Mtoto anayekula vya kutosha hulowesha daipa 6 au zaidi kwa siku, hurudisha uzito wa kuzaliwa kufikia wiki 2, kisha huongeza gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Hospitali ni mara moja akikataa kula, akipata joto la nyuzi 37.5 au zaidi au akiwa baridi kuliko 35.5, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au viganja na nyayo zikiwa za manjano.

Kesho ukienda, beba kopo, kijiko chake, chupa yako na themosi ya maji ya moto. Koroga mlo mmoja mbele ya mtaalamu wa lishe, yeye akitazama, kabla hajamwita mtu anayefuata.